Meneja Aenda Nane Nane

Alhamisi, 4 Agosti 1994

Nimeamua kuwa mtu mashuhuri. Jumatatu, siku ya Nane Nane, kabla ya chakula cha mchana.

Sababu ni hii. Leo Mwalimu Gaspari wa kilimo ametangaza kwamba kidato chote cha tatu kitakwenda viwanja vya maonyesho kuona wanyama. Mwenye kuku mzuri nyumbani aje naye, kutakuwa na mashindano. Mshindi atapanda jukwaani, atapewa mkono na mgeni rasmi kutoka Dodoma, atapigwa picha. Belinda akageuka akasema angefurahi kumwona mtu wa darasa letu pale juu. Wakati anasema alikuwa anamtazama Zefania. Lakini mimi nakaa nyuma ya Zefania, kwenye mstari ulionyooka, kwa hiyo kijiometri alinitazama na mimi.

Mimi na Belinda tumekwisha kuzungumza. Mwezi wa tano aliniambia, "Abdulhamidi, nipishe." Nikampisha.

Zefania papo hapo akatangaza kwamba mjomba wake ataleta jogoo kutoka Ulemo, jogoo mwekundu, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Darasa likashangilia. Zefania anacheza mpira, anacheka kwa sauti, na mimi ananiita Profesa. Nilitaka kumjibu. Jibu zuri sana lilinijia nilipofika nyumbani.

Na nyumbani nimemkuta nani? Bibi Kuluthumu, mama yake mama, ameshuka kutoka Mungaa na tenga. Ndani ya tenga, Meneja!

Meneja ni jogoo wa bibi. Mweupe mwili mzima, upanga mwekundu kichwani, kifua mbele. Ameitwa Meneja kwa sababu hana kazi yoyote ila kuzunguka kukagua kazi za wenzake. Ana tabia moja ya ajabu. Redio ikipiga ngoma za taarifa ya habari, anaingia sebuleni, anapanda kiti cha baba, anawika. Baba anauza mitumba sokoni na hapendi kugombania kiti na mtu, lakini akifika Meneja baba husimama akamsubiri amalize kuwika.

Safari hii Meneja hakuja kutembea. Jumatano ijayo watu wa Manyoni wanakuja kumposa dada yangu Rahma, na Meneja ndiye kitoweo. Mgeni wa posa kwetu halishwi maharage. Mshenga wao ni mjomba wa bwana harusi, Mzee Urbano, dereva wa serikali. Ukoo wao umechanganyika, nusu msikitini, nusu kanisani. Hatujamwona bado, ila sifa zake zimetangulia: inasemekana aliwahi kuvunja posa ya watu kwa sababu ya chai ya vuguvugu. Rahma tangu aisikie habari hiyo anachemsha chai kila saa kwa mazoezi.

Bibi anarudi Mungaa kesho, atakuja tena Jumanne. Amenishika mkono akasema, "Mume wangu, wenzako humu ndani wana mambo mengi. Meneja namkabidhi kwako. Nikimkuta amekonda hata kidogo, nakuacha, naolewa na mwingine."

Nimemhakikishia. Kisha nikamtazama Meneja, naye akanitazama. Jumatatu iko kabla ya Jumatano! Anaweza kuwa bingwa Jumatatu na mchuzi Jumatano. Hakuna atakayepoteza kitu.

Labda Meneja.


Ijumaa, 5 Agosti

Utafiti. Maktaba ya shule ina juzuu moja tu la ensaiklopidia ya Kiingereza, herufi H mpaka K. Mengine yaliliwa na mchwa. Hilo lililobaki nimelisoma lote, na kulirudia. Kwa hiyo ninajua kila kitu kuhusu fisi, farasi, kiboko na kangaruu. Kuhusu kuku sijui chochote. Kuku aliliwa na mchwa.

Nimefikiri sana. Farasi nao wanashindanishwa. Kuna kurasa nzima za kumtayarisha farasi wa maonyesho! Asuguliwe kwa brashi. Kwato zipakwe mafuta zing'ae. Atembezwe kwa kamba, kichwa juu. Alale peke yake gizani, apumzishe neva. Sioni sababu ya jogoo kukataa.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeanza. Nimemsugua Meneja kwa brashi ya viatu ya baba. Sikuangalia kwanza kama ina rangi. Ina rangi. Nyeusi. Meneja sasa ana michirizi ubavuni kama punda milia. (Punda milia yuko herufi Z. Simjui.)

Kwato hana, nikapaka makucha. Mafuta ya alizeti, kidogo tu, kikombe. Yaling'aa vizuri sana mpaka upepo ukaja. Upepo wa Singida wa mwezi wa nane haupigi hodi. Vumbi lote la mtaa likaja kukaa kwenye miguu ya Meneja. Anaonekana amevaa buti.

Kumtembeza kwa kamba: yeye ndiye aliyenitembeza. Tulifika mpaka kwa fundi baiskeli. Fundi aliuliza kama siku hizi kuku wanasafirishwa hivyo. Nikasema ndiyo, Ulaya.

Kulala gizani: nimemfungia stoo, juu ya robota la mashati meupe ya baba. Mama ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema anapumzisha neva. Mama amenigusa kipaji kuona kama nina homa.


Jumamosi, 6 Agosti

Nimemwosha kwa Omo. Povu jingi. Meneja amevumilia kama mzee anayenyolewa, kisha akanidonoa sikio. Michirizi haikutoka, ila imesambaa. Sasa ni wa kijivu mwili mzima. Anafanana na tambara la kudekia. Jumatatu iko keshokutwa!

Mama kanituma sokoni kununua vitunguu. Nani yuko pale anachagua vitunguu? Belinda! Nilikuwa nimetayarisha sentensi. "Belinda, je, unajua kwamba kangaruu hawezi kurudi nyuma?" Nimefika karibu kabisa. Nimefungua mdomo. Muuza vitunguu akaniuliza nataka kilo ngapi. Nikamjibu kangaruu.

Belinda amecheka. Lakini ni cheko la wema, nina hakika. Akaniuliza kama kweli ninajua habari za wanyama, maana Jumatatu atahitaji mtu wa kuwaelezea yeye na wenzake. Nikatikisa kichwa kukubali. Nikaendelea kutikisa. Alipoondoka bado nilikuwa natikisa.

Jioni Rahma alikuwa analoweka mapazia meupe kwa ajili ya Jumatano. Nimemuuliza, kama mtu tu anayependa elimu, kitu cheupe kikifubaa kinafanywaje. Akasema kinatiwa bluu ya kufulia, chembe mbili tatu kwenye maji, kinarudi cheupe pee.

Bluu! Mbona juzuu halikusema?


Jumapili, 7 Agosti

Chembe mbili tatu ni za pazia. Pazia ni kitu kilicholala. Jogoo ana manyoya juu ya manyoya. Nimetia pakiti nzima.

Meneja ni wa bluu.

Si bluu ya mbali. Bluu ya sare za shule. Upanga mwekundu, miguu ya njano, katikati bluu. Nimemsuuza, na kumsuuza tena, mpaka mama akauliza ni nani anayeoga muda wote huo. Hakutoka. Nikamrudisha stoo akauke. Akajikung'uta juu ya robota.

Baba amefungua stoo alasiri. Nilikuwa nimemficha Meneja chini ya kapu, lakini mashati sikuweza kuyaficha. Mashati meupe yana madoa ya bluu. Baba ameyatazama kwa muda mrefu. Nikasubiri kifo. Kisha akasema kumbe wazungu sasa wanavaa vitu hivi, akayabeba sokoni, akawaambia vijana ni fasheni mpya. Yamekwisha yote! Amerudi anapiga mluzi. Siku hizi biashara ruksa, kila kitu kinapata mnunuzi.

Nimejipa moyo. Kama shati limefaulu, jogoo atashindwaje?


Jumatatu, 8 Agosti. Nane Nane!

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nimetoka na Meneja ndani ya tenga, nimelifunika kwa khanga. Mama nimemwambia ni vielelezo vya shule. Kidato kizima tumekwenda kwa miguu, upepo usoni, vumbi mpaka kwenye meno. Zefania amebeba jogoo wake kwapani kama mpira. Jogoo mwekundu kweli, na jicho la ugomvi. Njiani aliwadonoa watu wawili na Mwalimu Gaspari.

Uwanjani kuna wanyama kama safina! Belinda na wenzake wakanizunguka. "Haya, Profesa, tuelezee," akasema Zefania, maana naye amekuja bila kualikwa.

Banda la kwanza, ng'ombe wa maziwa. Herufi C. Nikasema, "Huyu ni ng'ombe." Belinda akasema hilo alikuwa analijua.

Banda la pili, mbuzi. Nikasema ni mbuzi.

La tatu, watu wa wanyamapori wameleta chatu na mamba. Nikapendekeza tusipoteze muda hapo, tukaone punda. Punda ni jirani kabisa wa farasi! Nikawaambia umri wake unajulikana kwa meno, nikamfunua mdomo. Punda akaniruhusu, kisha akachukua kofia yangu akaila taratibu, huku anatutazama. Mwenye punda akasema ana miaka saba, ungeniuliza tu, kijana.

Tukapita penye kizimba kitupu. Nikaona ndiyo nafasi, nikawaeleza habari za kangaruu. Nimezungumza vizuri sana! Mfuko, mkia, kuruka, kutorudi nyuma. Watu wasiotuhusu nao wakasimama kusikiliza. Mama mmoja akauliza huyo mnyama yuko wapi. Nikasema Australia. Akasema sasa mbona umetusimamisha hapa juani?

Halafu fisi. Fisi wangu! Amelala ndani ya kizimba, mgongo kwetu. Nikaweka tenga chini, nikasimama mbele ya wavu, nikaanza. Fisi, nikasema, ni mwoga wa watu. Mchana hana madhara. Akishiba analala usingizi mzito wala hasikii jambo. Belinda alikuwa ananitazama bila Zefania kuwa katikati. Nikasogea nyuma kidogo, nikaegemea wavu kama watu wa kwenye magazeti.

Fisi alikuwa hajashiba. Na amesikia harufu ya Meneja. Kitu kizito kikagonga wavu nyuma ya mgongo wangu, kikacheka sikioni mwangu.

Sikumbuki niliruka vipi. Nilijikuta mgongoni mwa Zefania, nimemshika shingo. Zefania akasema, "Profesa, shuka. Au nikubebe mpaka kwenu?" Belinda alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Meneja peke yake hakutikisika ndani ya tenga.

Mashindano. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, au yalipofaulu, sijui niseme nini.

Kuna mafungu mawili, kuku wa asili na kuku wa kisasa. Nikafunua khanga. Watu wakasogea. Bwana mifugo, Bwana Naftali, mtu mpole mwenye miwani, akainama, akainuka, akafuta miwani, akainama tena. Akaniuliza jogoo huyu ni wa asili gani. Nilitaka kusema wa Mungaa. Naapa nilitaka. Lakini umati ulikuwa unanitazama, na ulimi wangu ukagoma, kama kawaida yake. Ndipo Zefania akajibu kwa niaba yangu, uso mkavu kabisa, "Wa Uholanzi, bwana mifugo. Ameletwa juzi. Hawa ndio wa kisasa."

Bwana Naftali akaandika. Alifurahi mpaka nikaona haya kumsahihisha. Akasema miaka yote Dodoma wanatutambia, sasa waone.

Kwenye fungu la kuku wa kisasa kulikuwa na washindani wengine wawili, weupe, wanene. Mmoja alikuwa amezimia kwa jua. Wa pili alimwona Meneja akajificha chini ya wa kwanza. Meneja wa kwanza!

Na Zefania akashinda fungu la asili. Sikujali. Tumepanda jukwaani wote wawili. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye suti, alikuwa amekwisha kuhutubia. Belinda mstari wa mbele, anapiga makofi. Kwangu! Zefania alikuwa upande wa pili kabisa, hakuna jiometri tena. Nimepewa mkono. Nimepewa jembe jipya. Ndipo mwenye kipaza sauti akasema, kama kawaida yetu, sasa washindi watamkabidhi mgeni wetu zawadi zake.

Zawadi zipi?

Zefania akamkabidhi jogoo mwekundu, akainama kwa adabu, akashuka mbio. Mgeni rasmi akaninyooshea mikono. Nikamnyooshea jembe. Watu wakacheka. Akashika tenga. Sikuliachia. Akavuta. Nikavuta. Mpiga picha akapiga hapo hapo. Mwalimu Gaspari akakohoa kikohozi ninachokijua. Nikaachia.

Meneja akaenda! Kitoweo cha posa! Jogoo wa bibi!

Nikamkimbilia Zefania. Nikamuuliza ilikuwaje hakuniambia. Akashangaa kweli. "Profesa, hili nalo la kuambiwa? Hata mtoto anajua jogoo wa kwanza anaondoka na mgeni rasmi. Kwa nini unafikiri mimi nimeleta huyu? Nyumbani anang'oa mchicha, anafukuza watoto. Jogoo unayempenda humleti Nane Nane!"

Katika juzuu zima, H mpaka K, jambo hili halimo.

Sikukata tamaa. Nikazunguka nyuma ya jukwaa. Gari la mgeni rasmi lilikuwa kivulini, nyuma limejaa ndoo za asali ya Itigi, magunia ya vitunguu, mbuzi wawili, na tenga langu. Dereva hayupo. Nikapanda kimyakimya. Nikaita, "Meneja, Meneja." Mbuzi wote wawili wakaitika. Nikashika tenga. Na mtu akanishika mguu.

Dereva! Mrefu, masharubu kama usukani wa baiskeli, kijiti cha meno mdomoni. "Kibaka wa kuku!" akanguruma. Nikamwamkia shikamoo, nikiwa kichwa chini. Akaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akaendelea kunguruma. Nikamwambia mimi si kibaka, mimi ni mwanafunzi. Akasema siku hizi hata wezi wamesoma. Nikamwambia jogoo ni wa bibi yangu. Akasema jogoo ni wa Uholanzi, imetangazwa, au bibi yako ni Mholanzi?

Mgeni rasmi akamwita. Akaniachia, lakini kwanza alinigeuza usoni. "Sura hii nimeishika," akasema.

Nimerudi nyumbani na jembe.


Jumanne, 9 Agosti

Bibi amefika asubuhi. Kabla hata ya kuvua viatu ameuliza, "Meneja yuko wapi, mume wangu?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Nikasema amechukuliwa na mwewe.

Mama akauliza, "Mwewe? Meneja?" Baba akasema mwewe wa kumbeba jogoo yule atakuwa na rubani. Bibi akanitazama, akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo mama amekataa kunitafsiria. Rahma akaanza kulia. Wageni kesho, mshenga mwenyewe Mzee Urbano, na kitoweo kimepaa! Akasema posa ikivunjika atabaki humu ndani mpaka azeeke, na mimi ndiye nitakayemlisha. Hilo limenitisha kuliko fisi.

Nimezunguka mji mzima kutafuta jogoo mwingine. Wachuuzi wamekwisha kupakia kuku wote kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Mji wa Singida, mji wa kuku, hauna kuku! Nimempata mmoja tu. Mwembamba, jicho moja. Muuzaji mwenyewe alinishauri nisimchukue.

Mama ameamua. Wageni watapikiwa maharage. Ametamka neno hilo kama anatangaza msiba.


Jumatano, 10 Agosti

Wamefika baada ya adhuhuri. Nilikuwa jikoni napepea moto. Nimechungulia dirishani kumwona huyo Mzee Urbano.

Mrefu. Masharubu kama usukani wa baiskeli. Kijiti cha meno.

Nimejikuta nimeingia ndani ya pipa la unga. Halikunitosha.

Ila mimi ni mtu wa mipango. Nimejifunga taulo kichwani, limezunguka mashavu yote, yamebaki macho. Nikasema jino linauma. Mama akasema vyovyote, peleka maji wageni wanawe mikono. Nimewanawisha. Nilipofika kwa Mzee Urbano aliniangalia sana. Akasema pole kijana, nawe una jino la aina gani? Nikasema "Mmh." Akasema macho haya nimeyaona mahali. Nikasema "Mmh-mmh." Nikakimbia, na maji yote yakabaki magotini kwake.

Chai ilikuwa ya moto. Rahma alihakikisha. Mzee Urbano aliungua ulimi, akasema hii ndiyo chai! Kila mtu akapumua.

Kisha akasimama. Akasema wao hawakuja mikono mitupu. Wameleta zawadi ya kuwaheshimu wazazi, kitu ambacho nyumba hii haijapata kukiona tangu ijengwe. Bosi wake alipewa juzi kwenye maonyesho, lakini akasema mke wake hawezi kupika kitu cha rangi ile, basi walipopita Manyoni akamwachia yeye. Bingwa wa mkoa! Mbegu ya Uholanzi!

Akafungua tenga. Tenga letu.

Meneja akatoka, bluu tupu, akajinyoosha. Baba akasema mashallah. Mama akasema mashallah, halafu akakunja uso. Bibi aliinamisha kichwa upande mmoja, na Meneja naye akainamisha wa kwake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango namwomba Mungu kitu kidogo tu. Jogoo asiongee.

Redio ikapiga ngoma. Taarifa ya habari.

Meneja akavuka sebule, akapita katikati ya wageni kama mwenye nyumba, akaruka juu ya kiti cha baba. Baba alikuwemo. Akampanda pajani, akapiga mabawa, akawika mpaka vikombe vikalia.

"Meneja!" bibi akapiga kelele. Taulo likaniponyoka wakati huo huo. Na Mzee Urbano, akininyooshea kijiti: "Kibaka! Huyu ndiye kibaka niliyemkamata kwenye gari akiiba jogoo huyu!"

Rahma alidondosha sahani. Nikaona posa inavunjika mbele ya macho yangu, na uzee wote wa Rahma ukinisubiri.

Bibi akainuka taratibu, akapanga khanga yake begani. "Mtu haibi jogoo wa kwao, baba," akamwambia Mzee Urbano. "Hapa aliyekamatwa na jogoo wa watu ni wewe." Mzee Urbano akafungua mdomo. Kijiti kikaanguka. Bibi akaendelea, "Mmetoka Manyoni yote hiyo kuja kumposa mjukuu wangu kwa jogoo wangu? Na harusi mtakuja kuoa kwa khanga zangu? Mngeniambia mapema, ningewapa na mahari niwahi kuipokea!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mmoja wa upande wao. Kisha baba, na Meneja bado pajani. Mwisho Mzee Urbano mwenyewe, cheko refu la mtu ambaye hacheki mara nyingi, masharubu yakipanda na kushuka. Akakiri kosa. Akauliza faini. Bibi akasema mbuzi, na asiwe wa bluu. Mzee Urbano akasema atamleta kesho asubuhi kabla hawajaondoka. Posa ikapokelewa papo hapo!

Bingwa wa mkoa hakuchinjwa. Baba alisema hatakula nyama inayofanana na sare za shule. Wageni wakala maharage, na kwa ajili ya kicheko hakuna aliyeona ni maharage. Mzee Urbano aliomba kuongezewa.

Baada ya hapo familia imenigeukia. Yaliyosemwa sitayaandika. Kwa kifupi, nitasafisha banda la kuku mpaka mwaka mpya, sitagusa mnyama yeyote bila ruhusa, na bibi amesema ameniacha.


Alhamisi, 11 Agosti

Nimeapa. Nimeweka mkono kifuani mbele ya wazazi wote wawili nikasema mambo ya kushindanisha wanyama basi. Nilimaanisha kila neno. Hiyo ilikuwa asubuhi.

Shuleni picha imebandikwa ubaoni. Mimi na mgeni rasmi, tumeshika tenga, kila mmoja anavuta kwake, meno nje. Zefania amesema nimependeza. Belinda amekuja mwenyewe mpaka kwenye dawati langu. Amesema tangu azaliwe hajapata kucheka vile. Amesema ile habari ya kangaruu aliipenda kweli, na je, mwezi wa kumi, kwenye siku ya wazazi ya shule, nitaleta mnyama gani? Nilitaka kusema hapana. Naapa nilitaka. Ulimi wangu, badala ya kugoma kama kawaida yake, leo ukanitangulia. Nikasema utaona.

Nimerudi nyumbani nimekuta faini ya Mzee Urbano imefika. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Anatunzwa mpaka harusi ya Rahma, mwezi wa kumi na moja, na hatakiwi kupotea kwa namna yoyote ile. Bibi amenirudia. Amesema mume mjinga ni afadhali kuliko kukosa wa kukata majani. "Mbuzi huyu namkabidhi kwako," akasema. "Ole wako."

Nimemhakikishia.

Kisha nimekaa na mbuzi, namtazama. Nimelifungua juzuu, leo nimeliazima maktaba. Sasa naona kosa langu lilikuwa wapi! Farasi ana miguu minne. Meneja ana miwili tu, hesabu zisingekubali hata kidogo. Lakini mbuzi ana minne, ana kwato za kweli za kupakwa mafuta, na mwezi wa kumi uko kabla ya mwezi wa kumi na moja.

Shida ni ndogo tu. Ni mweupe, lakini amefubaa kidogo ubavuni. Nimemuuliza Rahma kama ile bluu ya mapazia imebaki.

Imebaki pakiti moja.